Volkswagen ya 1970, Tanga: kutoka sakafuni hadi milangoni

24 Juni

Masika yamekwisha, gari limetoka chini ya mwembe na kuingia gereji. Ni Volkswagen 1300 ya mwaka 1970, ile ya mgongo wa kobe, usukani kulia. Injini inawaka bila kubembelezwa, na hilo ndilo linalowaponza wanunuzi wa magari haya: wakishausikia ule mlio wa nyuma wanaanza kuhesabu pesa, wala hawainami kutazama chini. Injini yenyewe imeshikwa na boliti nne tu, watu wawili na jeki wanaishusha kabla ya adhuhuri. Bodi iliyooza ndiyo inayotafuna mfuko.

Tumetoa viti, mazulia na yale makaratasi mazito ya lami yaliyogandishwa sakafuni tangu kiwandani. Chini yake ni bati lililopigwa riveti juu ya bati, juu ya riveti puti, juu ya puti rangi nyeusi ya kufunika aibu. Chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia, betri inapokaa, sakafu haipo kabisa. Asidi ya betri ilianza, hewa ya chumvi ikamalizia. Betri ilikuwa imekalia kipande cha mbao.

Mjomba, fundi wangu wa bodi, Ngamiani nzima humwita hivyo, alilizunguka gari na bisibisi moja akiichomeka hapa na pale. Kwenye kingo za chini ya milango ilizama hadi mpini.

"Mwanangu, hapa hakuna cha kuziba. Hapa ni kukata."

Kwa asiyelijua gari hili, maelezo mafupi. Chini kuna mgongo wa chuma ulio wazi ndani, unaotoka mbele hadi nyuma. Ndani yake hupita fimbo ya gia, waya za klachi, akseleta na hendibreki, na bomba la petroli. Kila upande wa mgongo imechomelewa nusu moja ya sakafu. Bodi yote ya juu ni kitu cha peke yake: imekalia sakafu, ukanda wa raba katikati, ikafungwa kwa boliti. Kingo za chini za bodi ni maboksi matupu yanayopeleka hewa ya moto kutoka kwenye injini hadi miguuni na kwenye kioo cha mbele. Tanga nani anataka hita? Lakini maboksi hayo, nitayaita mikondo, ndiyo yanayobeba nguzo za milango, na humo ndimo zilimo nati za kufungia bodi. Yakishaoza, bodi inalegea katikati na milango inakuwa ya kwanza kukwambia: unainua mlango kwa mkono ili ufunge.

Ndiyo maana sikuandika orodha ya kazi. Nimeandika neno moja ukutani kwa chaki: MILANGO. Kila tutakachokata au kuchomelea kitapimwa kwa hilo.

1 Julai

Paneli zimefika kutoka Ulaya kupitia bandari ya Dar es Salaam: nusu mbili za sakafu, mikondo miwili, kipande cha chini cha ubavu wa nyuma kushoto, na ule mhimili wa mbele wa sakafu ambao wapenzi wa gari hili huuita kofia ya Napoleon kwa umbo lake.

Vijana wanashangaa kwamba gari la umri huu bado lina vipuri vipya. Sababu ni kwamba liliundwa muda mrefu mno. Ujerumani waliacha kuliunda lile la kawaida, lenye paa la bati, Januari 1978, lakini Mexico waliendelea pale Puebla hadi Julai 2003, na hesabu ya mwisho ilifika magari 21,529,464. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ulibaki milimita 2,400 katika gari la kawaida kwa miaka yote hiyo. Kitu kilichouzwa kwa wingi namna hiyo hakikosi mtu wa kukitengenezea bati.

Ila usinunue sakafu kwa kuona picha tu. Kuanzia magari ya 1973 viti vilibadilishwa, na reli zake zilizochomelewa sakafuni ni tofauti. Zangu ni za kabla ya hapo, nimezihakikisha kwa kuweka kiti cha zamani juu yake kabla ya kutoa karatasi zote. Usukani kuwa kulia hakukunipa shida upande huu, kwa kuwa pedali zimefungwa ubavuni mwa mgongo, na mgongo wetu ni mzima.

Jambo la kutazama: rangi nyeusi iliyokuja na paneli ni ya safari ya meli. Wapo wanaoiacha na kupiga rangi juu yake. Sisi tutaikwangua yote kwenye maungio na kuiparuza msasa kwingine.

Mkondo wa kushoto umezidi ule wa zamani kwa milimita kadhaa upande wa mbele. Mjomba hakushtuka. Anasema paneli mpya isiyohitaji kukatwa hajawahi kuiona.

5 Julai

Leo hatujachomelea chochote cha gari. Tumechomelea vyuma vya kulishikilia.

Hii ndiyo siku ambayo mafundi wengi huiruka, na unawajua kwa magari yao. Ukikata mkondo bila kushikiza bodi, nguzo mbili za mlango zinabaki zinaning'inia kwenye paa. Zinafunguka kidogo tu, huoni kwa macho, lakini ukishachomelea mkondo mpya umezigandisha hapo hapo zilipofungukia. Mlango hautarudi tena mahali pake, hata ukiita mafundi wa dunia nzima.

Tumetumia bomba za mraba za inchi moja. Kila upande, bomba moja kutoka nguzo ya mbele ya mlango hadi nguzo ya nyuma, juu kidogo ya katikati, na jingine la mshazari. Kisha bomba mbili za kukatiza ndani ya gari, kutoka ubavu hadi ubavu. Kabla ya kushikiza bomba tuliifunga milango na kuirekebisha mpaka uwazi ukawa sawa kadiri uozo ulivyoruhusu, na gari likiwa limelala sawa kwa pima maji.

Bawaba ndizo zilizokula mchana. Skrubu zake ni kubwa, za kichwa cha msalaba, na zimekaa humo miaka hamsini na zaidi. Bisibisi ya kawaida inazivua kichwa. Tulizipasha moto, tukaziacha zipoe, tukatumia bisibisi ya kugonga kwa nyundo. Zilitoka zote.

Vipimo vyote vya mshazari vimeandikwa ubavuni mwa gari kwa kalamu ya rangi. Karatasi hupotea gereji.

6 Julai

Bodi imenyanyuliwa. Tangi la petroli lilikuwa limeshatolewa mbele, nyaya zimefunguliwa, usukani umeachanishwa. Boliti za pembeni ni za spana namba 13. Nyingi zilizunguka na nati zake ndani ya mkondo uliooza, zikakatwa kwa grenda. Zile za nyuma karibu na shokapu, za namba 17, zilitoka kwa heshima.

Kisha tukaita vijana wa mtaani. Haihitaji winchi: watu wanane, wanne kila upande, "haya, moja, mbili, tatu", bodi hiyo hewani na kwenda kukaa juu ya mapipa.

Gari lililopasuliwa vipande viwili halikosi watazamaji. Mzee mmoja akasimama na baiskeli yake, akatukumbusha enzi za mashindano ya magari ya Safari, yalipokuwa yanapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Volkswagen ilishinda 1954, ikashinda 1957, ikashinda tena 1962, tena kwenye tope ambamo magari makubwa yalilala. Mjomba alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Kweli kabisa, mzee wangu. Ila zile zilikuwa na sakafu."

12 Julai

Kukata sakafu. Kabla ya cheche ya kwanza: bomba la petroli. Watu hutoa tangi na kudhani wamemaliza, kumbe bomba linapita ndani ya mgongo, na mgongo ndio tunaokwenda kuuchomelea kutoka mwanzo hadi mwisho. Tumelimwaga, tukalipuliza kwa kompresa, tukaliziba pande zote mbili kwa mbali. Tumekwangua pia lami yote iliyosalia, maana inashika moto polepole na inaendelea kufuka wakati umeshageuka kushughulika na kitu kingine. Ndoo ya mchanga na mtungi wa kuzimia moto vimesimama mlangoni.

Halafu namba ya chesisi. Imegongwa juu ya mgongo, pale chini ya kiti cha nyuma. Tumeifunika kwa bati na utepe wa karatasi wenye gundi ili grenda isiikaribie. Namba hiyo ikifutika, nilicho nacho ni vyuma chakavu vyenye kadi.

Sakafu ya zamani imeshikwa kwenye ukingo wa mgongo kwa nukta za weldi za kiwandani. Njia ya haraka ni patasi na nyundo, ambayo inachana ukingo pamoja na sakafu. Njia yetu ni kusugua mpaka nukta zionekane, kuzitia alama, na kuzitoboa moja moja kwa biti ya kutobolea nukta za weldi, inayokula bati la juu na kuacha la chini. Ni kazi ya kuchosha mabega. Kijana wa Mjomba aliimaliza upande wa kulia na asubuhi yake akaja amekunja uso.

Ukingo wa mgongo umebaki mzima isipokuwa karibu na betri. Hapo tumekata kipande kibovu na kuunda kingine kwa bati la geji 18.

19 Julai

Nusu ya kulia imelala mahali pake, kavu, bila weldi. Imeshikwa na koleo za kubana na skrubu za bati. Tukaitoa. Tukaikata kidogo nyuma. Tukairudisha. Tukaitoa tena. Mpita njia angedhani hatujui tunachofanya. Mjomba ana msimamo kwamba weldi si ya kuvuta bati lifike: bati lifike lenyewe, weldi ije kulikuta.

Mashine ya kuchomelea ni ya MIG, inayojilisha waya huku gesi ikiikinga weldi, ya umeme wa kawaida wa nyumbani, waya wa milimita 0.6. Kuchomelea kwa fimbo kwenye bati jembamba namna hii ni kutoboa matundu, na gesi ya moto wa asetilini, ambayo Mjomba alikulia nayo na bado anaipenda, inapasha eneo kubwa mno na bati linaumuka. Kwa sakafu tumetumia mtungi wa kaboni dayoksaidi tupu. Inaingia ndani vizuri ila inatema cheche zinazoganda pembeni. Sakafuni si neno, zinasuguliwa.

Kilichotupa tabu ni kusi. Upepo unaingia gereji kutoka upande wa bahari kuanzia saa nne asubuhi, unaipeperusha gesi inayokinga weldi, na weldi inatoka na matundu madogo kama sponji. Ukiongeza gesi unaongeza gharama tu. Tumetundika maturubai pande mbili na kuhamishia kazi ya kuchomelea alfajiri, upepo ukiwa haujaamka. Na alfajiri umeme nao una nguvu. Jioni, mtaa mzima ukiwasha vitu vyake, mashine inakohoa.

Tumetoboa matundu ya milimita 8 kwenye ukingo wa sakafu mpya, kila baada ya sentimita tatu hivi, tukapaka praima ya zinki, ile rangi ya kutangulia, nyuso zitakazokutana, kisha tukajaza matundu kwa weldi. Hatukufuata mstari. Moja mbele, moja nyuma, moja katikati, ili moto usikae mahali pamoja. Milango na madirisha ya gereji wazi wakati wote: moshi wa zinki unaleta homa ya usiku, na maziwa ambayo kila mtu anakushauri unywe hayazuii chochote.

27 Julai

Nusu ya kushoto na kofia ya Napoleon. Hakuna la kusimulia, na ni vizuri hivyo. Maungio yote yamepakwa gundi ya maungio chini na juu, kisha redi oksaidi, rangi nyekundu ya kuzuia kutu.

3 Agosti

Sasa tumefika kwenye lile neno la ukutani.

Kuna njia mbili za kuweka mikondo. Unaweza kuichomelea kwenye bodi huko juu ya mapipa, kisha ukaomba Mungu matundu yake yakutane na ya sakafu. Au unaifunga mikondo mipya kwenye sakafu kwa boliti zake, raba ikiwa katikati, halafu unaishusha bodi juu yake na kuifanya sakafu iwe kipimo. Tumefuata ya pili. Mkondo wa zamani wa kulia umekatwa, bomba zikiwa zimeshika nguzo zote. Wa kushoto vivyo hivyo. Vijana wanane wakarudi, bodi ikashuka.

Haikukaa. Upande wa kushoto ule urefu uliozidi uliisukuma nguzo ya mbele. Tukapunguza, tukashusha tena, ikakaa.

Kisha milango ikafungwa kwenye bawaba, huku mikondo ikiwa haijachomelewa popote, imeshikwa na koleo tu. Kipimo chetu cha uwazi ni mkia wa biti ya milimita 4: upite kuzunguka mlango wote bila kulegea wala kukwama. Kulia ulipita juu na nyuma, ukakwama chini mbele. Kushoto mlango ulikuwa umeshuka nyuma. Tukaweka jeki ndogo chini ya bomba la kukatiza, tukainua kwa kiasi cha robo mzunguko wa mpini, tukapima, tukashusha, tukapima. Marekebisho ya bawaba tumeyaacha kabisa. Bawaba zinasogea, na fundi mvivu atazisogeza ziifiche kasoro ya nguzo. Lakini ukishazimaliza sasa, huna cha kusogeza siku ya raba na rangi.

Mjomba hakukubali kuchomelea leo. Biti ilikuwa inapita kila mahali, kijana ameshavaa kofia ya kuchomelea, yeye akafunga mtungi. Anataka gari lilale hivyo usiku mmoja, apime asubuhi kukiwa na baridi.

4 Agosti

Amepima. Kulia sawa. Kushoto, chini mbele, biti imegoma tena kwa unywele. Sikuamini mpaka nilipoishika mwenyewe. Kabari moja nyembamba kati ya mkondo na sakafu ikamaliza.

Sasa weldi: kwanza kushikiza nguzo ya mbele, kisha ya nyuma, kufunga mlango, kupima. Upande wa pili vivyo hivyo. Kurudi. Hadi magharibi mikondo yote imeshikwa na milango inafunga kwa kusukumwa kwa vidole viwili. Bomba za kushikilia bado hazijatolewa, wala hazitatolewa mpaka weldi yote iishe.

17 Agosti

Ubavu wa nyuma kushoto, chini ya dirisha dogo, nyuma ya mlango. Kazi yote iliyopita itafunikwa na mazulia; hii itaonekana na kila atakayesimama nyuma ya gari kwenye foleni.

Bati la hapa ni jembamba, chini kidogo ya milimita moja, tena limepinda pande mbili. Tumekata kidogo kuliko paneli mpya inavyoruhusu, tukabakiza chuma cha kiwandani kadiri kilivyo kizima. Kupandisha bati juu ya bati ni rahisi, lakini kunaacha mfuko wa kuwekea maji. Tumeyakutanisha ncha kwa ncha, uwazi katikati ukiwa sawa na unene wa bati. Kwa sehemu hii nilitafuta mtungi wa mchanganyiko wa argoni, ambao moto wake ni mpole na hautemi sana.

Nukta moja, unahama. Nyingine mbali na ya kwanza. Unasubiri mpaka unaweza kuweka kiganja. Hakuna kupoza kwa maji wala kitambaa kibichi, bati linajikunja. Ndiyo maana ubavu huu mdogo umekula muda kuliko sakafu nzima.

Weldi ikipoa inavuta, na bati linazama. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu wanavuka mji kumfuata Mjomba. Anashika kitalu cha chuma nyuma ya bati, anagonga weldi kwa mbele taratibu ili itanuke na kurudisha alichokivuta moto. Macho hayatumii sana. Anaweka kitambaa chembamba cha pamba chini ya kiganja na kukipitisha juu ya bati huku ametazama barabarani. Kitambaa kinateleza, mkono unasikia kila bonde. Nimejaribu, nami nikasikia bonde moja. Yeye alikuwa na matatu.

Puti itakayohitajika ni ya kufuta alama za nyundo tu. Ile tuliyoing'oa Juni hapo hapo ilikuwa nene kuliko kidole.

31 Agosti

Bomba za kushikilia zimekatwa. Kila mtu alikuwa na kisingizio cha kuwa karibu. Milango haikusogea.

Madigadi manne yamejaribiwa. Kwenye gari hili hayachomelewi, yanafungwa kwa boliti za M8 na ukanda wa plastiki katikati yake na bodi. Nati zilizoganda ndani ya bodi tumezisafisha kwa tapu, chuma cha kuchongea njia za boliti. Zilizokufa tumechomelea mpya. Yatatolewa tena kwa ajili ya rangi, kwa sababu kupiga rangi madigadi yakiwa yamefungwa kunaacha chuma kitupu chini ya ukanda, na kutu inaanzia hapo hapo.

Tumebishana kuhusu ndani ya mikondo. Desturi ya pwani ni kumimina oili chafu ya injini. Inasaidia, sikatai, lakini inavuja kwenye maungio na kuharibu rangi ambayo bado hatujapiga, na oili iliyokwisha kazi ina asidi yake. Nimeshinda mimi: redi oksaidi iliyoyeyushwa nyepesi sasa, ikazungushwa ndani mpaka itoke matundu ya chini, na nta ya magari baada ya rangi. Matundu ya kutolea maji yamezibuliwa yote kwa waya. Mjomba amekubali kwa sharti kwamba chini ya gari, kwenye mhimili wa mbele, apake grisi anavyotaka.

14 Septemba

Raba mpya za milango zimefika, tumezivalisha kwa majaribio kabla ya gari kwenda kwa mpiga rangi. Mlango wa kulia ukagoma. Unasukuma, unarudi. Kijana alishachukua bisibisi kuziendea bawaba, Mjomba naye amepiga magoti na biti ya milimita 4, uso umekunjamana.

Biti ilipita kuzunguka kote.

Nikateremsha kioo cha dirisha la kushoto sentimita mbili, nikausukuma tena. Ukafunga. Hewa ilikuwa haina pa kutokea: sakafu ni nzima, mikondo ni mizima, raba ni mpya. Volkswagen hizi zilijulikana kwa hilo zilipokuwa mpya, ila hakuna kati yetu aliyewahi kukutana na iliyoziba kiasi hicho.

Mpiga rangi anataka gari wiki ijayo. Kabla ya hapo: kutoa raba, kutoa madigadi, kupiga praima ubavu wa kushoto mara ya pili, na kurudisha bomba la petroli lililozibwa tangu Julai. Vuli ikiwahi, praima itangoja; haipigwi kukiwa na unyevu.